Wapenzi wa Hadithi Zetu Mbona Hawaaminiki?

Wasomaji wapenzi, hamjambo? Nimesema "wapenzi" kwa heshima tu, kwa hivyo wale wa Kidato cha Pili wasianze kukonyezana. Nimeomba kurasa chache nizungumzie jambo ambalo sisi wanafunzi hulijadili kwa bidii taa za bwenini zikishazimwa, lakini tukipewa kalamu na karatasi tunaliharibu kabisa. Jambo lenyewe ni mapenzi. Si mapenzi ya kweli, la hasha, hayo nawaachia walimu wa ushauri nasaha. Nazungumzia mapenzi ya hadithini: yale tunayoyaandika katika insha, katika mashindano ya chama, na katika karatasi zinazoletwa kwa jopo la uhariri zikiwa zimekunjwa mara nne kama barua ya fanki.

Mwaka huu nami nimekuwa katika jopo hilo. Kazi yetu ni kusoma kila kitu, kizuri kwa kibaya, kisha kuamua kipi kitachapishwa. Basi nimesoma hadithi za mapenzi mpaka macho yakaniuma, na nitasema wazi bila kumung'unya maneno: wapenzi wetu hawaaminiki. Wanapendana kwa sababu mwandishi ameamuru wapendane. Mwondoe mmoja, mtie mwingine mahali pake, na hadithi itaendelea vilevile kana kwamba hakuna lililotokea.

Katika hadithi za wavulana, msichana ni mmoja tu. Hubadilisha jina: leo Zawadi, kesho Natasha, kesho kutwa Cheptoo. Macho yake ni ya gololi, shingo ya twiga, meno meupe kama theluji, sauti ya ninga, kiuno cha nyigu na miguu ya chupa ya bia. Jamani! Hebu vikusanyeni viungo hivyo mumsimamishe huyo mtu paredi siku ya Jumatatu. Nani atabaki kusikiliza matangazo? Tutatimua mbio sote, mwalimu wa zamu akiwa mbele. Gololi si ni banoo? Na banoo haipepesi. Theluji nayo, wengi wetu tumeiona kwenye kitabu cha Jiografia tu, ile ya kilele cha Mlima Kenya.

Najua mafungu haya yametoka wapi. Tangu shule ya msingi tuliambiwa kwamba insha nzuri ni ile iliyopambwa, tukayakariri mapambo kama jedwali la kuzidisha. Siipigi vita tashbihi. Ni mali ya Kiswahili na wazee wetu waliitumia kwa ufundi mkubwa. Lakini tashbihi ya kukariri haimwoni mtu. Mvulana aliyempenda msichana kwa dhati huona kitu ambacho wengine hawajakitia maanani: kwamba akicheka hufunika mdomo kwa daftari, kwamba sweta yake imeshonwa kiwikoni kwa uzi usiofanana nayo, kwamba akila githeri huanza na mahindi na kuyaacha maharagwe hadi mwisho. Niambie hilo la githeri nami nitaamini kwamba umemtazama. Ukiniambia twiga, nitajua ulikuwa ukitazama dari.

Na bado ubaya mkubwa si hayo macho. Ubaya ni kwamba huyu binti hana mdomo. Hana mama mgonjwa, hana mtihani wa Hisabati, hana rafiki anayemwonya, hata kiu ya maji hana. Yupo tu chini ya mwembe akingoja kupendwa, kama gunia la viazi linalongoja lori.

Wasichana wenzangu msicheke, zamu yetu imefika. Mwanamume wetu ni mrefu, mtanashati, ananukia marashi ya bei, ana gari lenye vioo vyeusi na amerudi juzi kutoka Marekani. Kazi yake haijulikani. Pesa zake hazijulikani zinatoka wapi. Humpata msichana maskini kando ya barabara, akamlipia karo, akamjengea mamake nyumba ya mawe, na katika ukurasa wa nne wakaoana. Tulipokea moja ambayo bwana huyo ana miaka 40 na msichana, kwa maandishi ya mwandishi mwenyewe, ana 16 na yuko Kidato cha Tatu. Mwandishi aliiita hadithi ya mapenzi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka wa 2006 inaiita unajisi, kwa maana mtu aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa ametoa idhini. Hadithi ile ilikuwa faili ya polisi iliyofungwa utepe wa arusi. Simlaumu mwandishi kwa kumtaja mtu kama huyo, maana wako wengi na tunawajua. Shida ni kwamba hakumuuliza bwana yule hata swali moja. Mtu mzima mwenye mali anatafuta nini kwa mtoto wa shule? Angeuliza hivyo, angepata hadithi ya kweli, tena ya kutisha.

Mifano hii hatukuibuni sisi. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka wa 1908, na vile vitabu vyake vidogo vimepitishwa chini ya madawati ya shule za Kenya tangu enzi za mama zetu. Siku hizi tuna tamthilia za Meksiko na Ufilipino tunazozitazama likizoni, ambamo mtu huweza kufa, kufufuka na kumuoa dada ya mkewe katika wiki moja. Sisemi msitazame, hata mimi hutazama. Lakini yule mwanamume wa London na yule wa Meksiko hawajawahi kukosa nauli ya matatu. Ukimchukua jinsi alivyo ukamshusha Kakamega au Machakos, anasimama pale stendi akishangaa, nasi tunamshangaa.

Sasa nifikie lile hasa lililonifanya niandike. Kuna hadithi moja tunayoletewa kila mwaka na waandishi tofauti. Mvulana anampenda msichana. Anamwandikia barua, msichana anairarua. Anamngojea njiani, msichana anapita kando. Anamfuata kisimani, anamfuata kanisani, anamtuma dada yake, anamtuma binamu. Ukurasa wa mwisho msichana anaanguka kifuani pake akilia kwamba alimpenda tangu siku ya kwanza, ila alikuwa akimjaribu. Na hapo chini mwandishi anatia methali yake: mvumilivu hula mbivu.

Mbivu ni embe, ndugu yangu. Embe halina la kusema.

Mimi ni msichana, na nimewahi kutembea njia ya kutoka stendi hadi nyumbani nikifuatwa na mvulana ambaye alikuwa ameshaambiwa hapana mara mbili. Hakuna ninga aliyeimba. Moyo haukuwa ukidunda kwa huba. Nilikuwa nikihesabu milango: huu wa fundi cherehani uko wazi, ule wa duka umefungwa, kwa mama mboga kuna watu. Ukitaka kujua kinachoendelea kichwani mwa msichana anayefuatwa, andika hesabu hiyo. Nilifika salama, namshukuru Mungu. Baadaye nikasikia kwamba huyo kijana aliwaambia wenzake, "Huyo ananizungusha tu, atakubali." Sasa mimi nauliza: hilo neno "ananizungusha" alilitoa wapi? Si mamake aliyemfundisha. Amelipata katika nyimbo, katika filamu, na katika hadithi kama hizi zetu, ambamo kila msichana anayesema "sitaki" huandikiwa tabasamu.

Hii ndiyo sababu sikubali tukiambiwa kwamba hadithi za mapenzi ni mchezo tu wa kupitisha wakati. Mwandishi anayegeuza "hapana" kuwa "ngoja kidogo" ameharibu hadithi yake, maana tangu ukurasa wa pili tunajua mwisho utakuwaje, na tena amemfundisha mtu kutosikia.

Kwani "hapana" haiwezi kuzaa hadithi? Inaweza, tena nzuri kuliko ile ya embe. Mvulana amekataliwa Ijumaa. Jumatatu anaingia darasani na kumkuta msichana yuleyule ameketi dawati lililo mbele yake, na mwalimu wa Kemia anawapanga kundi moja, chupa moja, kijiti kimoja cha kiberiti. Atamwitaje? Atamwazima kalamu? Marafiki watasema nini? Na msichana naye, je, anaogopa, anaona haya, anamhurumia, au ameshasahau kwa sababu alikuwa akiwaza karo? Hapo pana kurasa kumi bila mtu yeyote kumwangukia mwenzake kifuani.

Tukiwa bado na swali la jinsi ya kuwafanya wapenzi waaminike, tusiende mbali, tufungue vitabu vyetu. Katika Kidagaa Kimemwozea ya mwaka wa 2012, Ken Walibora, ambaye alitutoka mwaka wa 2020, hakuwakalisha Amani na Imani chini ya mwembe. Aliwapa mtoto. Kile kitoto, Uhuru, kinaachwa mlangoni mwa Amani, mchunga ng'ombe wa Mtemi asiye na mbele wala nyuma, naye Imani anaingia kusaidia kulea. Wanateseka pamoja, na mtoto akifa wanatiwa ndani kwa kosa ambalo si lao. Msimulizi hana haja ya kutuapia kwamba watu hawa wanaaminiana. Tumewaona kazini.

Chukueni tena Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Neema na Bunju ni mume na mke, na wanachovutania ni mama yake Neema aliye mgonjwa: fedha za matibabu zitoke wapi, na je, mama mkwe anaweza kulala katika nyumba ya mkwe wake? Bunju si shetani wala si malaika. Ameshasaidia, anaona amesaidia vya kutosha, na mila inampa mahali pa kujifichia. Neema naye ana mshahara wake na mzazi wake. Nilipousoma ule mvutano nilifikiri nimewasikia majirani zetu ukutani. Hakuna gololi, hakuna theluji, kuna bili ya hospitali. Na bado unajua hawa watu wameoana kweli.

Wale wanaopenda vitabu vya zamani watafute Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka wa 1972. Bahati anamtaka Idi, Idi anataka mali, na mzee tajiri Mwinyi anamtaka Bahati. Watu watatu, kila mmoja na kiu yake, na hizo kiu hazielekei kisima kimoja. Kwa hayo tu hadithi imeshaanza kutembea yenyewe. Na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka wa 1971, ambayo wengine huinong'oneza kana kwamba ni kitabu kichafu, mimi naiona ni kitabu cha huzuni. Zakaria anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Ndiyo sababu baadaye Rosa anapokwenda mbali na nyumbani na kukosa kujua nani wa kumwamini, tunasadiki kila hatua, maana tuliiona ngumi ya kwanza.

Pia tukumbuke jinsi watu wa kwetu wanavyoonyeshana mapenzi. Katika hadithi zetu kila mtu husema "nakupenda, laazizi wa moyo wangu" mara sita kwa ukurasa. Nani amewahi kumsikia babake akisema hivyo? Huko Pwani mwanamke akinunua kanga husoma jina lake kabla ya kuangalia maua, na akiivaa na kupita, mwenye kuambiwa anajua ameambiwa. Kwetu bara hatuna hata kanga ya kutusemea; tunasema kwa chai. Babu yangu hajawahi kumwita nyanya "mpenzi". Humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, Mama Fulani, kama anavyoitwa na kijiji kizima. Lakini nyanya alipoambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa sukari, babu, ambaye alikuwa akitia vijiko vinne kwa kikombe, aliacha sukari siku hiyohiyo. Alipoulizwa alinung'unika kwamba imepanda bei. Mpaka leo anakunywa strungi yake isiyo na chochote, uso ameukunja kama anakunywa dawa ya mbuzi, na ole wake mtu atakayemuuliza tena kwa nini. Nikiwaandika wale wawili siku moja, neno "mapenzi" halitatokea hata mara moja.

Kwa bahati njema, katika lile rundo la mwaka huu kulikuwa na hadithi moja iliyotufanya tunyamaze. Imeandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili, mpole, ambaye sitamtaja kwa kuwa ataona haya. Ni ya makanga na msichana anayeuza mayai boilo stendi. Makanga anakula yai kila asubuhi na halipi yote. Daima anabakisha deni la shilingi kumi, ili kesho awe na sababu ya kurudi. Msichana anajua. Analiandika deni katika kidaftari, anamgombeza mbele ya watu, na yai lake analitenga kando kabla hajafika. Hawajasemezana neno la mapenzi. Kisha siku moja makanga anapata kazi katika gari la njia nyingine, na kwa kuwa ni kijana mwaminifu, anakuja na kulipa deni lote, shilingi kwa shilingi. Msichana anazipokea zile pesa na kuzihesabu. Anamwambia, "Haya, sasa hatudaiani," na mikono inashindwa kufunga kachumbari.

Jopo liligawanyika. Mmoja wetu alisema haina maelezo ya sura ya msichana, hata rangi ya rinda haikutajwa. Mwingine alisema makanga hafai kuwa mhusika mkuu katika jarida la shule kwa kuwa anasema "niaje" na "wacha zako" badala ya Kiswahili sanifu. Hili la pili lilinikasirisha kidogo. Msimulizi wa hadithi ile anaandika sanifu kabisa. Ni makanga anayesema kama makanga. Mnataka aning'inie mlangoni mwa matatu akiita, "Tafadhali abiria wapendwa, karibuni mabehewani"?

Neno zito zaidi lilitoka kwa mwalimu mmoja tunayemheshimu sana. Hakuisema vibaya hadithi ile. Alihoji kama jarida la shule lichapishe mapenzi ya aina yoyote. Alisema wazazi husoma, wadogo wa Kidato cha Kwanza husoma, na kwamba vijana wana vishawishi vya kutosha hata bila ya sisi kuwaongezea. Nilimsikiliza kwa adabu na ninaielewa hofu yake, maana kila mwaka kuna mwenzetu mmoja au wawili ambao hawarudi baada ya likizo, na sote tunajua kwa nini. Lakini nilimjibu, na ninarudia hapa kwa heshima: Mwalimu, wenzetu hao hawakudanganywa na makanga anayelipa deni la mayai. Walidanganywa na yule wa gari lenye vioo vyeusi. Walikuwa wamemsoma mara nyingi mno, na hakuna aliyekuwa amewaandikia mwingine wa kumlinganisha naye. Tukifunga ukurasa wetu, yeye atabaki peke yake uwanjani.

Hakukubaliana nami moja kwa moja. Alisema ataisoma tena. Aliporudi nayo alikuwa ameweka alama ya wino mwekundu mahali pawili, pote makosa ya tahajia, na kando ya zile pesa zinazohesabiwa alikuwa ameandika swali: "Je, alijua ni shilingi ngapi?" Tulimpelekea mwandishi, naye akaongeza sentensi moja, kwamba msichana hakufungua daftari kwa kuwa hesabu ilikuwa kichwani. Mtaipata hadithi hiyo mbele kidogo, baada ya mashairi.

Hadithi za toleo lijalo zitapokelewa hadi mwisho wa muhula wa pili. Sanduku liko pale kando ya mlango wa maktaba. Andika upande mmoja wa karatasi, kwa hati inayosomeka, jina na kidato juu. Za mapenzi pia zitasomwa. Lakini msichana akisema "sitaki" katika hadithi yako, tafadhali hakikisha mvulana ameisikia kabla hujaikunja karatasi.